Unaenda kwa Nani?

Huku Mandewa upepo wa Singida ni ule ule, jua ni lile lile, na kuku wa kienyeji wanaendelea kupungua bandani tangu nifike. Leo nina hoja moja tu, na wale wa Elimu naomba mnisikilize vizuri maana inatuhusu kuliko wengine.

Nilipomwambia mama kwamba tunataka kwenda Unguja na Pemba siku kumi, wanafunzi wanne, aliuliza swali moja: "Mnaenda kwa nani?" Akasubiri jina. Kwetu safari ina mwenyewe. Unaenda kwenye msiba, harusi, kumwona mgonjwa, kumpeleka mdogo wako shule. Kufunga begi ukatembee tu uone nchi ilivyo, hiyo tumewaachia wazungu. Barabara ya kwenda Mwanza inapita hapa Singida, na magari yao yenye kitanda na jiko ndani tunayaona yakipita. Wanasimama, wanapiga picha mawe yetu, sisi tunawapungia mkono. Basi.

Mimi nasema kutembea siyo uzungu. Karne ya 19 Wanyamwezi walikwenda kwa miguu mpaka Bagamoyo na pembe mabegani, wakikatiza Mgunda Mkali, pori ambalo sehemu yake iko mkoa huu huu. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, alianza safari na Burton na Speke mwaka 1857, akawa na Stanley mwaka 1871, kisha kati ya 1873 na 1875 akavuka bara zima na Cameron. Selim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896 na akasimulia kwa Kiswahili. Simulizi yake imo katika Safari za Wasuaheli, kitabu cha mwaka 1901. Sasa hapo uzungu uko wapi jamani?

Tuje kwenye ualimu. Shuleni tulikariri kwamba Unguja na Pemba ni visiwa, karafuu, utalii, nukta. Ukienda ndiyo unaona kwamba ni visiwa viwili tofauti kabisa. Unguja imetenganishwa na bara na maji ya kina kifupi, na zamani bahari iliposhuka ilikuwa imeungana na bara. Pemba iko ng'ambo ya mkondo wenye kina kirefu sana, imejitenga muda mrefu mno. Ndiyo maana Jozani utamkuta kima punju na hadithi za chui, wakati Pemba ina popo wake mkubwa ambaye hapatikani kwingine duniani. Hata karafuu ina kisa chake. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika usukani mpaka leo. Unguja inakwenda vizuri kwa daladala, lakini Pemba ni vilima na mabonde, na ukitembea kwa miguu miguu yenyewe inakufundisha jiografia, teh teh!

Halafu Jambiani. Asubuhi bahari iko mlangoni, baada ya saa chache imerudi mbali mpaka unatembea mahali palipokuwa na maji, kina mama wameinama kwenye mashamba ya mwani. Mimi nitakuja kufundisha kujaa na kupwa kwa maji kwa mtoto wa Singida ambaye hajawahi kuona bahari. Nikimweleza kwa maneno ya kitabu atakariri. Nikimweleza nilichokikanyaga, ataniuliza maswali, na nitakuwa na la kujibu.

Najua mtakayosema. La kwanza, hela. Bumu lenyewe linaisha kabla halijaingia. Ni kweli, lakini hakuna aliyesema ukodi gari la kulala. Kubwa ni nauli ya boti, na Mtanzania analipa pungufu ya mgeni. Baada ya hapo ni daladala, miguu, urojo na gesti za kawaida. Wapo kati yetu wanaotumia zaidi ya hapo kwa sherehe moja ya usiku mmoja.

La pili, usalama. Hili silidharau. MV Spice Islander ilizama mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, na zipo familia ambazo mpaka leo hazitaki kusikia habari ya boti. Kwa hiyo chombo kikijazwa kupita kiasi hupandi, bahari ikichafuka unaahirisha, hata kama tiketi umeshakata. Na sisi wasichana tusiende peke yetu kimya kimya. Twende kwa kundi, nyumbani wajue tuko wapi kila siku.

La tatu ni lile la mama, na kwangu ndilo zito. Nikalifikiria nikaona lina jibu, tena zuri. Chuoni tumekusanywa kutoka kila mkoa. Mwenzetu wa darasani kwao ni Wete, na wazazi wake walitupokea kama watoto wao. Hilo gari lenye kitanda wala hatulihitaji, kwa sababu sisi tuna watu. Mzungu anabeba nyumba mgongoni kwa kuwa hana wa kumpokea. Mwanafunzi wa Tanzania ana wenyeji nchi nzima ila hajawahi kuwatumia.

Mwaka 2022 ilitoka filamu ya Royal Tour, dunia ikaitwa ije kuiona Tanzania. Sawa, waje. Lakini nani amemwita mtoto wa hapa? Kwenye field nilifundisha shule isiyo mbali na Ziwa Singidani. Wanafunzi walinitajia maana ya ziwa lisilo na mto wa kutoka, neno kwa neno. Hakuna aliyejua kwamba ziwa lao ndilo hilo, kwamba maji yanaingia, jua linayakausha na chumvi inabaki. Tulikwenda kwa miguu Jumamosi moja. Jumatatu darasa lilikuwa jingine.

Kwa hiyo pendekezo langu. Chama cha wanafunzi wa Elimu kianzishe mfuko, kila mtu atoe kidogo kila bumu likitoka, na kila likizo kundi moja liende kwa wenyeji wa kundi jingine. Wapemba waje Mandewa tuwaonyeshe heroe na mawe, sisi twende kwao msimu wa karafuu. Vyuo navyo viihesabu safari hiyo kama sehemu ya masomo, maana kumtuma mtu akafundishe nchi asiyoijua ni kumwonea yeye na wanafunzi wake.

Mama sasa anauliza lini huyo binti wa Wete atakuja, amchinjie jogoo. Nawasilisha.