Ua la Kiangazi Ukutani

Juma lililopita niliandika habari za visima, na kabla yake habari za bei ya ngozi. Leo nawaomba wasomaji wanivumilie, maana nataka kuzungumza habari za picha za maua. Najua wako watakaoguna. Mwenzangu mmoja ofisini aligunia picha iliyo juu ya meza yangu, akasema kwamba ua la karatasi haliliwi na mbuzi wala halilipi kodi. Sikumjibu siku ile.

Picha hiyo ni ya chapa, si ya mkono. Niliachiwa na karani aliyehamishwa, naye hakujua ilitoka wapi. Yaonyesha tawi moja la mti uitwao na wataalamu Adenium obesum, wenye maua mekundu hafifu yaliyo meupe katikati. Pembeni mchoraji ameweka tunda lililo kama pembe mbili, na mbegu peke yake. Nyuma ya tawi hapana kitu: hapana mlima, wala mawingu, wala nyumba. Ni karatasi nyeupe tu.

Weupe huo ndio ulionivuta kwanza. Mpiga picha akienda porini na kamera yake huleta ua moja la siku moja, pamoja na vumbi lake na jani lililotobolewa na mdudu. Mchoraji wa mimea hufanya kazi nyingine. Hutazama maua mengi, hupima, hupasua moja ili aone yaliyomo ndani, kisha huweka katika ukurasa mmoja ua, tunda na mbegu, ingawa porini havionekani pamoja siku zote. Hana ruhusa ya kuongeza uzuri ambao mmea hauna. Bwana Pierre-Joseph Redouté, aliyechora bustani ya Malkia Joséphine wa Ufaransa, alitoa kitabu chake cha mawaridi kati ya mwaka 1817 na 1824, chenye picha 169. Zilichapwa kwa mabamba ya shaba yaliyotobolewa vidoa vidogo vidogo, kisha rangi zikamaliziwa kwa brashi. Picha hizo zimechapwa tena na tena, na hata leo mtu aweza kuziona katika kalenda na katika kuta za hoteli. Sina ugomvi na mawaridi yake. Lakini kwa nini ukuta wa Garissa upambwe kwa waridi la Paris?

Hasa kwa kuwa mchoraji mmoja mashuhuri wa maua ya Kenya alipita mji huu huu. Bibi Joy Adamson wengi wamjua kwa sababu ya simba Elsa na kitabu cha mwaka 1960. Walakini kabla ya simba palikuwa na maua. Mume wake wa pili, Bwana Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea wa Makumbusho ya Coryndon, Nairobi, na bibi huyo alifuatana naye safarini, akichora kwa rangi za maji mimea aliyoikusanya. Ni hapa Garissa, wakati wa Krismasi ya mwaka 1942, alipokutana na Bwana George Adamson, askari mkuu wa wanyama wa mkoa wa kaskazini, wakaoana mwaka 1944. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kilimpa nishani ya dhahabu kwa michoro yake ya maua. Alichora mamia, na nyingi zimo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mtu aliyekwisha kuona ua likinyauka saa nne ya asubuhi katika joto letu atajua kazi hiyo ilitaka mkono mwepesi.

Sasa nirudi kwenye picha yangu. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja kutaka kibali cha kusafirisha mifugo. Nilimwambia, “Karibu, Adeer, keti,” nikaanza kutafuta fomu. Yeye hakuketi. Alisogea hata ukutani, akaitazama picha kwa muda mrefu. Akasema nyumbani kwake hatundiki picha ya mtu wala ya mnyama, kwa ajili ya dini. Lakini hii ni mti, haina roho, haina neno.

Kisha akasema, “Karani, aliyeandika hii aliuona mti wakati wa jilaal.”

“Umejuaje, Adeer?”

“Hakuna jani hata moja. Mti huu huvaa maua ukiwa uchi. Majani huja na mvua.” Akaweka kidole juu ya ile mbegu. “Na hapa hakusema uongo. Ina nywele huku na huku, upepo upate kuishika.”

Nimeitazama picha hiyo miaka miwili, wala sikuona kwamba mbegu ina nywele ncha zote mbili. Nilidhani ni brashi iliyoteleza.

Lakini mzee hakuridhika. Aliuliza shina liko wapi. Nikamweleza kwamba wachoraji hukata tawi tu, kwa kuwa karatasi ni ndogo. Akatikisa kichwa. Alisema tawi ni la kutazamwa, bali mti wenyewe ni shina, lililovimba kama tumbo la ngamia aliyetoka kunywa. Bila maji yaliyomo humo kiangazi kingeuua. Akanikumbusha pia kwamba utomvu wake ni sumu, nami nimesoma kwamba sehemu nyingi za Afrika watu wameupaka katika mishale. Hayo yote hayamo pichani.

Akataka nimsomee maandishi ya chini. Nikamsomea, nikamwambia kwamba obesum katika Kilatini ni mnene. Mzee alicheka hata akashika meza. “Basi Mzungu alijua! Alijua, akaandika unene, asiuchore!”

Alinitajia jina la mti huo kwa Kisomali mara mbili, nisije nikakosea. Nilishusha picha, nikaliandika nyuma kwa kalamu ya risasi, pamoja na neno shina. Ndipo tukajaza fomu ya mbuzi wake.