Dada, kaa kwenye gari

Mwezi uliopita sikwenda Zanzibar wala Arusha kama ulivyonizoea. Nilikuwa Dutumi. Ukitoka Dar unafika Mlandizi, unaiacha barabara ya Morogoro, halafu vumbi linaanza. Ni Kibaha vijijini huko, jirani na Kisarawe.

Kilichonipeleka ni binti wa shangazi yangu. Yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma saikolojia, na alikuwa fildi akikusanya data za risechi ya kumalizia digrii: wanandoa wakigombana, wanapatanaje? Jamani, si mada yangu kabisa hiyo! Nikajitolea gari na mafuta, na moyoni nikasema hapa napata stori ya ukurasa huu bila jasho. Mimi digrii yangu ni ya mawasiliano, nimehoji watu zaidi ya miaka kumi. Nilijua nakwenda kumfundisha kazi.

Barua alikuwa nazo rundo. Ya chuo, ya mkoa, ya halmashauri, kisha tukapiga hodi kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mzee yule mkarimu kweli. Akatupeleka mwenyewe kwenye nyumba ya kwanza, akavuta kiti chini ya mwembe, akaketi. Mdogo wangu akaanza kumsomea mama mwenye nyumba ile karatasi ya ridhaa, mama akamkatiza: "Andika tu mwanangu, si mwenyekiti ameshasema."

Mimi nikafurahi, kazi imeanza. Mwenzangu akafunika kalamu yake.

"Mama," akasema taratibu, "mwenyekiti ameturuhusu kuingia kitongojini. Kuongea na mimi ni hiari yako wewe. Ukikataa hakuna atakayekuuliza. Ukikubali halafu ukabadili mawazo, pia sawa." Kisha akamgeukia mzee, akamwomba kwa heshima zote atusubiri kwake. Mzee akacheka, akaondoka. Nami nikasogeza kigoda changu karibu.

"Na wewe dada, kaa kwenye gari."

Basi bwana, nikakaa kwenye gari, mhariri mzima, joto la Pwani si unalijua. Kwa mbali nilimwona mama akiongea, akinyamaza, akijifuta uso kwa khanga. Karibu saa nzima. Jioni nikauliza, alisema nini yule mama? Nikajibiwa, "Dada, hayo aliniambia mimi."

Nilinuna. Njiani akanieleza, na hapo ndipo nilipoanza kusikiliza. Darasani kwao mbinu za utafiti na maadili ya utafiti hufundishwa pamoja, maana mwenyekiti akikaa pale mambo mawili yanaharibika kwa mpigo. Mama hana uhuru wa kukataa, na majibu yake hayana ukweli. Nani atasema mume wake anampiga mbele ya rafiki wa mume?

Akanipa mfano wa hapa hapa kwetu. Shirika la Afya Duniani lilipofanya utafiti wa ukatili dhidi ya wanawake mwanzoni mwa miaka ya 2000, Tanzania walichagua Dar es Salaam na Mbeya. Kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu, peke yake, na mhojaji mwanamke aliyefunzwa. Mtu akiingia ghafla, mazungumzo yanageuzwa. Hata nyumbani utafiti ulitambulishwa kama wa afya na maisha ya wanawake, ili mume asijue kilichoulizwa akaja kumwadhibu mkewe. Ripoti ilitoka 2005. Katika wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, waliosema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi walikuwa asilimia 41 Dar na asilimia 56 Mbeya. Hebu fikiria wangepata ngapi kama waume wangekuwa wamekaa pembeni wanasikiliza.

Na wanasaikolojia wenyewe wamewahi kuteleza vibaya. Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, profesa Philip Zimbardo aliwagawa vijana kuwa wafungwa na maaskari wa jela ya kuigiza. Ilipangwa wiki mbili. Maaskari wakaanza kuwanyanyasa wenzao, na profesa yumo tu, amenogewa na jela yake. Aliyemzindua ni mpenzi wake, Christina Maslach, naye mwanasaikolojia, aliyefika akaona na kumjia juu. Siku ya sita jela ikafungwa. Mwaka uliofuata wakaoana! (Wachumba mnaoogopa kuambiana ukweli, mpo?)

Nilicheka, lakini kichwani nilikuwa na jambo langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika ukurasa kama huu, niliandika habari za dada mmoja na ndoa yake. Jina nilibadilisha, nikajiona mwema. Ila niliacha kwamba anauza uji karibu na kituo cha daladala, ana mapacha, na mumewe ni dereva wa lori. Ndani ya wiki mtaa mzima ulijua. Nilipomuuliza kama naweza kuandika alikuwa amecheka tu, nami nikaichukua ile kicheko kuwa ndiyo. Akanipigia simu: "Dada, umenimaliza." Namba ile haipatikani tena.

Siku ya tatu, tukifungasha, yule mama wa kwanza akaja hadi tulipofikia. Shikamoo, marahaba. Akasema amelala akifikiri, anaomba maneno yake yatolewe. Nusura nidakie, mama, jina lako si halimo! Mdogo wangu hakuuliza hata kwa nini. Alilitafuta lile dodoso kwa namba yake, akampa mkononi. Akampa na kikaratasi chenye simu ya afisa ustawi wa jamii, kama alivyowapa wenzake wote. Mama akaenda jikoni kwa mwenyeji wetu, akalisukumiza dodoso kwenye moto, akasimama hadi likaisha.

Alihitaji watu 20, akarudi na 19. Nikamshauri tusimame Mlandizi atafute mtu mmoja wa kujazia, nani atajua? Alinitazama mpaka nikawasha gari. Ripoti yake itasema 19, na kwamba mmoja alijitoa.

Stori ya Dutumi niliyokuwa nimeitengea nafasi mwezi huu, basi, sinayo. Tukutane mwezi ujao.