Kura si bahati nasibu

Kila siku watu wa Kivu wanasema "kupiga kura", lakini wachache wanajiuliza neno hilo lilitoka wapi. Kura ni neno la asili ya Kiarabu. Maana yake ya kwanza haikuwa kuchagua kiongozi, bali kuachia bahati iamue nani apate kitu. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka: askari walilipigia kura vazi la Yesu. Pale hakuna aliyechagua.

Leo maana ni nyingine. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 5, inasema kura ni ya wote, ni sawa kwa wote, na ni ya siri. Mkongomani mwenye miaka 18, mwanaume au mwanamke, anahesabiwa.

Lakini mwaka 2018 Beni, Butembo na Yumbi hawakumchagua rais. Walipiga kura Machi 2019, ya wabunge tu, rais akiwa ameshaapishwa. Desemba 2023 ikawa zamu ya Masisi, Rutshuru na Kwamouth: vita na ukosefu wa usalama vilizuia uchaguzi.

Kwa wahami wa vita, basi, kura imerudi kwenye maana ya zamani. Risasi ikilia kwenu, umekosa. Ikilia kwa jirani, umepata. Hiyo si haki. Mhami aandikishwe pale alipokimbilia, amchague mbunge wa kwao, na aliyepoteza kadi ya mchaguzi njiani apewe nyingine bila kulipa. Aliyepoteza shamba na nyumba asinyang'anywe na sauti.