Jani la Njano Siyo Pambo

Wiki hii tuweke pembeni zile picha za kuegemea magari ya watu. Tuongelee picha za majani. Ndiyo, majani! Usicheke kwanza.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani, ikifika Oktoba wanashika kamera na kuingia msituni. Jua linapungua, miti inaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, na njano iliyokuwa imejificha ndani ya jani siku zote inajitokeza. Miti mingine inaongeza na wekundu. Jani linakaribia kufa lakini limependeza kama bi harusi! Basi wanalisogelea, wanapiga mshipa mmoja mmoja, raha tupu.

Sasa njoo Karagwe na Kyerwa. Huku hakuna majira ya namna hiyo, mgomba ni wa kijani Januari mpaka Desemba. Hata wekundu kwetu una maana yake: mwembe ukichipua, yale majani mekundu ndiyo kwanza yamezaliwa. Majani ya chini ya mgomba yakizeeka na kukauka, hilo la kawaida. Lakini ukisimama shambani Kayanga au Nkwenda ukakuta mgomba mzima unageuka njano, hapo hakuna pambo, mshikaji. Hiyo ni njaa inabisha hodi.

Kuna ugonjwa wa mnyauko bakteria, ambao wengi Kagera wanauita unyanjano. Uganda uligundulika mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukawa umeshavuka kuingia Kagera. Majani yananyauka kama yamebabuliwa na moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, na ukizikata ndani zimekuwa za kahawia. Dawa ya kupulizia hakuna. Wadudu wanaotembelea ua dume wanaueneza, na panga lililotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima nalo linaueneza.

Wengi wetu tuko Dar au Mwanza, wazee wako kijijini. Mzee akikupigia kwamba migomba inaumwa, utamjibu nini? Mwambie mdogo wako achukue simu apige picha. Ila picha ya kutoka barabarani haisemi kitu. Zinatakiwa tatu: mgomba mzima, jani kwa karibu, na ndizi iliyokatwa katikati.

Hiyo ya jani ndiyo yenye ujanja. Apige asubuhi, upepo haujaanza kulitikisa. Ashike jani jua likiwa nyuma yake, mishipa yote itaonekana. Picha ikifanya ukungu, amekaribia mno: arudi nyuma kidogo, aguse kioo pale anapotaka paonekane. Pembeni aweke sarafu ili ukubwa wa doa ujulikane. Kama ni mbuni, ageuze jani. Kutu ya kahawa inapenda kukaa chini ya jani, unga wa rangi ya chungwa.

Kisha picha ziende kwa bwana shamba, siyo kwa washikaji wa kijiweni. Jani peke yake halimalizi ubishi, maana mnyauko fuzari nao unageuza majani njano. Lakini huo hauozeshi tunda, ndiyo maana tukataka ndizi iliyokatwa. Na kisu kilichoikata kipitishwe kwenye moto kabla hakijagusa mgomba mwingine!

Wakati jibu linasubiriwa, kazi ipo. Kwenye migomba mizima, ndizi zikishamaliza kujitokeza, ua dume livunjwe kwa mti wenye panda. Kisu hapana. Wadudu wakikosa pa kutua, ugonjwa nao unakosa mlango.

Najua kuna atakayesema picha za majani ni mambo ya watu wenye nafasi. Haya, lakini ada yako ya shule ilitoka wapi kama siyo kwenye mikungu na kahawa ile? Mpiga picha wa London akikosa jani lake mwaka huu, atasubiri mwakani. Mzee wako akichelewa mwaka huu, mwakani hana cha kupiga picha.

Leo jioni kabla hujamtumia mtu picha ya kupozi, piga simu nyumbani uulize migomba inaendeleaje. Tukutane wiki ijayo!