Picha ya Timu ya Nyumbani ni Kumbukumbu ya Umma

Zipo safari ambazo watu wa hesabu huziona hazina faida. Mojawapo ni ile ya mpiga picha anayefunga mkoba wake, akavuka mkondo wa Pemba hadi Tanga, akapanda gari mpaka Mombo, kisha akakwea milima ya Usambara kwa njia ya Soni na Bumbuli hadi Mponde, ili tu apige picha za mchezo wa kandanda ambao hautatangazwa redioni. Wako watakaouliza: kwani hapa visiwani hakuna mpira? Sisi twasema safari ya namna hiyo ina maana, na ina mafunzo kwetu sote, wananchi na watendaji wa Serikali.

Mponde inajulikana kwa chai. Wakulima wadogo wa milimani wamekitegemea kiwanda chake kwa kuuza majani mabichi, ambayo yakichumwa hayangoji. Mwaka 2013 kiwanda hicho kilisimama kwa sababu ya mgogoro, kikakaa kimya miaka mingi, hata Serikali ikaukabidhi Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma pamoja na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kazi ya kukifufua. Habari za kiwanda zimeandikwa magazetini, zimesemwa Bungeni, na zimehifadhiwa katika majalada. Lakini maisha ya watu wa mahali kama hapo hayamo yote katika majalada. Jioni ya siku ya mapumziko, mkulima aliyekosa bei na kijana aliyekosa kazi husimama ukingoni mwa kiwanja kimoja, wakaishangilia timu moja. Hilo nalo ni sehemu ya historia, na asipokuwapo wa kulipiga picha, hupotea siku ile ile.

Timu yenye mizizi katika jamii haijulikani kwa wingi wa fedha. Hujulikana kwa kuwa haiwezi kung'olewa ikapandwa mahali pengine. Coastal Union ya Tanga, iliyoasisiwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mwaka 1988, huitwa na wapenzi wake Wagosi wa Kaya, maneno yanayoeleweka vyema huko Usambara, kwani maana yake ni wanaume wa nyumbani. Kwa upande mwingine, timu ya Ihefu iliyokuwa fahari ya Mbarali, mkoani Mbeya, ilihamia Singida, na mwaka 2024 ikavaa jina la Singida Black Stars. Hatuwalaumu wenye mitaji, maana mpira wa leo wataka fedha. Lakini mzee wa Mbarali aliyeishangilia timu ile tangu ikiwa changa amebakiwa na nini mkononi, ikiwa hana hata picha moja ya siku zile?

Swali hilo latuhusu sisi wa visiwani pia. Malindi, Miembeni na Mlandege ni majina ya mitaa kabla ya kuwa majina ya timu. Mlandege ilitwaa Kombe la Mapinduzi mwaka 2023, na mwaka 2024 ikalitetea katika uwanja wa Amaan kwa kuifunga Simba bao 1-0. Picha za usiku ule ni nyingi mno. Lakini za vijana wa mitaa yetu waliocheza pekupeku miaka ya nyuma katika viwanja vya mchanga, ziko wapi? Nyingine zimo ndani ya masanduku, zinaliwa na unyevu wa chumvi. Nyingine zilitupwa pamoja na vyombo vya marehemu.

Visiwa vyetu havikukosa mfano mwema. Studio ya Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, ilikusanya picha za mji na watu wake ambazo leo ni hazina kwa watafiti. Aliyepiga picha zile alifanya kazi ya siku yake, naye akawatumikia wajukuu asiowajua. Ndiyo maana hatukubali kwamba picha ya timu ya kijiji ni anasa.

Hata hivyo, mpiga picha naye ana wajibu. Anayepanda Mponde akarudi na picha za mabao peke yake, ameacha nusu ya mchezo huko huko. Na atazame pia anayechora mistari ya kiwanja, jezi iliyotiwa kiraka, mweka hazina anayeshika daftari la michango, na akina mama wanaouza ndizi kando ya goli. Na awahi, kwani milimani ukungu hushuka bila kubisha hodi, na jua hujificha nyuma ya kilele mapema kuliko pwani. La mwisho, asiondoke na picha zote. Mwenye sura ana haki ya kuiona sura yake. Nakala moja ibaki kwa timu, na nyuma yake yaandikwe majina, mahali na tarehe, maana picha isiyo na majina baada ya miaka 30 ni fumbo.

Liko pia jambo zito zaidi, nalo ni ardhi. Katika milima ya Usambara penye tambarare ni haba, na kila mwenye kutaka kujenga hupatazama hapo hapo. Visiwani kwetu tambarare zipo, lakini nyumba zinaongezeka na ardhi haiongezeki. Kiwanja kisichoandikwa popote huonekana ni pori tupu machoni pa mgeni mwenye fedha. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiingiza katika daftari. Watendaji wa vijiji waitumie, na viwanja vya mpira viingie humo. Hapa kwetu, masheha na maofisa wa ardhi wavitambue viwanja vya mitaa na kuviwekea mipaka kabla ya mgogoro kuzuka. Picha za miaka mingi zinazoonesha watu wale wale katika kiwanja kile kile hazishindi hati, lakini ni ushahidi mwema mbele ya mtu mwadilifu.

Twajua watendaji watasema kwamba ziko shida kubwa kuliko hizi: maji, dawa, madawati ya skuli. Ni kweli. Lakini tunayoyaomba hayahitaji bajeti mpya. Ofisa utamaduni wa wilaya anaweza kutenga kabati moja na daftari moja la kupokea nakala za picha za timu za wilaya yake. Nyaraka za Taifa pale Kilimani ndiyo mahali pa kupelekea zile za thamani zaidi. Na mpiga picha aliyepata idhini ya timu na uongozi wa mahali asizungushwe ofisi kwa ofisi kana kwamba amekuja kupeleleza.

Kwa wananchi, rai yetu ni nyepesi. Fungueni masanduku. Waulizeni wazee majina ya waliomo pichani wangali hai na kumbukumbu zao zingali nzuri. Timu inaweza kushuka daraja ikapanda tena, na kiwanda kinaweza kufungwa kikafunguliwa. Mzee akishazikwa na majina aliyoyajua, hakuna ofisi itakayotupatia nakala yake.