Dawa Ilikuwepo, Mgonjwa Hakupewa

Juzi niliipigia simu kampuni inayoniuzia intaneti hapa Dar. Nikauliza swali moja tu: programu iliyomo ndani ya ruta yangu ni ya mwaka gani, na mara ya mwisho ilirekebishwa lini? Kijana wa watu akanijibu kwa upole, "Kaka, izime halafu uiwashe." Nikacheka. Halafu nikakasirika.

Jamani, tumezoea kuambiwa kuwa tukiibiwa mtandaoni kosa ni letu: neno la siri jepesi, kubofya ovyo. Sawa, uzembe upo. Lakini hebu tazameni kisa hiki.

Desemba 2014, wataalamu wa Check Point, kampuni ya Israeli, walitangaza udhaifu waliouita Misfortune Cookie. Ulikuwa ndani ya RomPager, programu ndogo inayoendesha ukurasa wa mipangilio ya ruta. Mdukuzi alituma kuki iliyochezewa, na ruta ikamtii kama mwenye nyumba. Vifaa milioni 12 hivi, katika nchi 189, vilikuwa wazi namna hiyo.

Sasa kaeni vizuri. Waliotengeneza RomPager walikuwa wameshaliziba tundu hilo mwaka 2005! Miaka tisa baadaye, ruta mpya zilikuwa bado zinatoka kiwandani na toleo lile bovu. Mteja angefanya nini? Abadilishe neno la siri? Mwizi hakuulizwa neno la siri!

Tuache basi kumsimanga mteja. Mtengenezaji hupata hela siku ya kuuza. Kuikarabati ruta mwaka wa tano hakumwingizii kitu. Pakiti ya maziwa ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Boksi la ruta yangu nimeligeuza pande zote, tarehe ya mwisho wa marekebisho sijaiona.

Na wala haishindikani. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamlazimu mtengenezaji kutaja atatoa marekebisho ya usalama hadi lini. Nasi tudai hivyo hivyo: tarehe iandikwe kwenye boksi, na kampuni ya intaneti iliyotupa ruta ibadilishe iliyopitwa na wakati, kwa gharama yake.

Ukienda kununua ruta, muulize muuzaji: itarekebishwa mpaka lini? Akikwambia izime halafu uiwashe, rudi nyumbani na hela yako.