Dawa na kisu cha kurefusha uume: mnunuzi anapata nini?

Mkulima wa Izigo wilayani Muleba anaifahamu hasara ya butura. Kahawa huuzwa ikiwa bado mtini, fedha huliwa, na msimu ukifika mavuno ni ya mwingine. Katika biashara ya dawa za kuongeza uume mambo ni kinyume: mkulima ndiye anayetanguliza fedha, tena bei kamili, kwa mali asiyoiona.

Huenda mtu akadhani chupa ya mitishamba ndiyo ya kitapeli na kisu cha Ulaya ndicho cha uhakika. Hesabu za kisu zipo. Mwaka 2006 madaktari wa London walitoa taarifa ya wanaume 42 waliokatwa kano inayoushikilia uume kwenye mfupa wa kinena. Urefu uliopatikana, uume ukivutwa, ulikuwa wastani wa sentimita 1.3. Walioridhika walikuwa asilimia 35 tu, na miongoni mwa wale ambao tatizo lao lilikuwa wasiwasi wa maumbile, asilimia 27. Mafuta yanayodungwa ili kuongeza unene nayo hufyonzwa na mwili, mara nyingine yakaacha mabonge. Kama hospitali yenye wataalamu inapata matokeo hayo, muuza chupa anaahidi kwa kipimo gani?

Bidhaa hii ina soko kwa sababu mnunuzi hajui wastani. Uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2015, uliojumlisha vipimo vya wanaume wapatao 15,000 wa nchi mbalimbali, ulionyesha wastani wa sentimita 13.12 uume ukiwa umesimama. Wengi wanaotafuta kuongezewa wamo ndani ya kiwango cha kawaida.

Sababu ya pili ni aibu, na hiyo ndiyo faida kubwa ya muuzaji. Mkulima akipunjwa kwenye mizani ya chama cha msingi, kijiji kizima kitasikia. Aliyepunjwa kwa chupa hii hanung'uniki hata kwa mkewe. Soko lisilo na malalamiko huonekana kama soko la wateja walioridhika.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na Baraza lake lipo. Lingefanya vema kumdai kila muuzaji ushahidi wa matokeo kabla ya kuruhusu neno "kurefusha" kwenye kibandiko. Bila hivyo fedha za kahawa, ambazo zingenunua bati au kulipia sare za shule, zitaendelea kupotea kimyakimya.

Wauzaji pia huchanganya urefu na nguvu za kiume, ingawa ni mambo mawili. Nguvu zikipungua, mara nyingi chanzo ni kisukari au shinikizo la damu, na vipimo vya magonjwa hayo vinapatikana hospitali za Ndolage na Rubya, wilayani humo humo.